Mvua ya radi ya "maeneo machache", utajuaje kama eneo lenyewe ni lako

Mi kazi yangu ni kukodisha maturubai na viti, niko Dar, Mbezi huku njia ya Morogoro, na kwa kazi hii usipojua kusoma mbingu utalia. Masika wala haisumbui sana, kila mtu anajua itanyesha, mwenye shughuli mwenyewe anakwambia leta turubai la kufunga pembeni, imeisha hiyo. Balaa ni hii miezi ya joto, Desemba kwenda mpaka Machi mwanzoni, jua linawaka toka asubuhi, fukuto mpaka unaoga mara tatu, alafu saa tisa mchana wingu moja tu linasimama upande wa Kibaha, linakuja kumwaga Kimara nusu saa mitaro inajaa, na Sinza hapo chini hamna hata tone. Jana yake Mamlaka ya Hali ya Hewa walisema "mvua na ngurumo katika maeneo machache na vipindi vya jua" na watu wanacheka, wanasema hawa jamaa wanabeti. Hawabeti bwana. Wamesema kweli tupu, ila hawawezi kukutajia mtaa wako toka jana yake, hakuna mtu duniani anaweza, kile kipande cha mwisho unakimalizia mwenyewe siku ileile na hapa naelezea ninavyokimaliza mimi.

Kama una haraka chukua hiki kimoja uondoke nacho: usianze kuuliza kuna wingu au hamna wingu, anza kuuliza upepo wa juu leo unatoka baharini au unatoka bara. Hapo ndo pana kila kitu, mengine yote ni kuongezea nyama.

Wingu la radi linataka vitu vitatu. Unyevu, hewa ya juu iwe baridi kiasi kwamba hewa ya moto ikipanda inaendelea kupanda tu yenyewe, na kitu cha kuisukuma hiyo hewa ianze kupanda. Unyevu kwa Dar usihangaike kuutafuta, ile nyuzijoto ya umande, yani joto ambalo hewa ikipoa mpaka hapo inaanza kutoa maji, miezi hii inacheza 24 au 25, ndo maana chupa ya maji baridi ukiiweka mezani dakika mbili tu inalia. Kwahiyo mtu akikwambia "leo kuna unyevu mwingi itanyesha" hajakwambia kitu, unyevu upo kila siku.

Hapo kwenye hewa ya juu ndo watu wanapigwa. Kwenye programu za hali ya hewa kuna namba inaandikwa CAPE, hiyo ni kipimo cha nguvu iliyolala inasubiri kuwashwa, ikiwa chini ya 500 mi huwa naendelea na mambo yangu, ikipita 1000 naanza kuangalia, ikipita 2000 naacha turubai jepesi nabeba zito. Ila CAPE kubwa peke yake haileti mvua, Januari na Februari unaweza kukuta 2000 siku nne mfululizo na jua linakuchoma siku zote nne, kwasababu kuna kifuniko. Kifuniko ni tabaka la hewa ya joto na kavu linakaa juu kama kilometa mbili au tatu hivi, hewa ya chini ikipanda ikifika pale inagonga inarudi. Fikiria sufuria ya maharage mfuniko umekaa sawasawa, ndani kunachemka lakini hakimwagiki kitu. Na huhitaji bando kukiona hiki kifuniko, toka nje saa tano asubuhi angalia vile viwingu vidogo vyeupe. Vikiwa vinapanda kidogo alafu vinatandazika juu vinakua bapa kama chapati, kifuniko kipo na kina nguvu. Vikiwa vinakua virefu kuliko upana wake, kichwa kinatoka povu juu ya povu kama sabuni kwenye beseni, na hivyo tu ndo kwanza saa tano, basi jua kifuniko leo ni karatasi.

Sasa cha tatu, cha kusukuma. Sisi watu wa pwani tuna mashine yetu, upepo wa bahari. Jua likitoka ardhi inapata moto haraka kuliko maji, hewa ya nchi kavu inapanda, ya baharini inaingia kujaza pengo, kuanzia kama saa nne saa tano hivi unaisikia. Watu wanadhani huo upepo unaingia tu polepole kila mahali kwa pamoja, hapana, una ukingo, una mbele yake kama ukuta, na huo ukuta unatembea kutoka ufukweni kwenda bara, unapita Ilala, unapita Ubungo, unakwenda Pugu, Kisarawe, Kibaha. Pale kwenye ukingo hewa ya moto inabebwa juu na hapo ndo mawingu yanapozaliwa, na vilima vya Pugu vinasaidia kuisukuma zaidi. Nyuma ya ukuta hewa ni ya baharini, imepoa kidogo, imetulia, mbingu inasafishika. Ndo maana mtu wa Masaki au Kigamboni mchana wa miezi hii mara nyingi anaona anga safi na mtu wa Gongo la Mboto anaanua nguo.

Turudi kwenye upepo wa juu sasa. Naposema juu namaanisha kama mita 1500 na kama mita 3000, kwenye programu ya hali ya hewa inayoitwa Windy unavuta ile sehemu ya kimo unachagua 850 alafu 700, hizo ni presha lakini we zichukue kama ghorofa, 850 ni ghorofa ya 1500 na 700 ni ya 3000.

Kama kaskazi imeshika, yani upepo wa ghorofa zote mbili unatoka kaskazini mashariki au mashariki, basi unasukuma upande uleule wa upepo wa bahari, ukuta unakimbizwa bara haraka, mvua inakwenda kunyesha Mlandizi au Chalinze huko. Sisi jioni tunaona tu vichwa vikubwa vyeupe magharibi jua linazama nyuma yake na kila mtu anasema "leo inanyesha, cheki lile wingu". Halirudi lile. Siku kama hiyo nakodisha turubai la kivuli tu na nalala usingizi wa mchana.

Kama upepo wa juu umegeuka unatoka magharibi, hata kama ni mdogo, hapo changamka. Upepo wa bahari unaingia chini, wa bara unausukuma kutoka upande wa pili, ule ukuta unakwama juu ya jiji badala ya kwenda Kibaha, unasimama Tabata, Ubungo, Kimara, siku nyingine unakwama pwani kabisa na hata Kariakoo inakula. Alafu na yale mawingu yaliyozaliwa bara yanasukumwa kuja kwetu. Dalili zake unazisikia mwilini: saa sita imefika upepo wa bahari haujaingia, bendera ya ofisi ya serikali ya mtaa imelala kwenye mlingoti, moshi wa muuza chipsi unapanda wima, joto limepita 33 bado linapanda. Siku ya upepo wa bahari wa kawaida joto linagota mapema kwasababu hewa ya bahari inalizuia. Joto lisipogota, uliza kwanini.

Kugeuka huko mara nyingi kunatokana na mambo ya mbali. Kimbunga kikikaa upande wa Madagascar kinaweza kuvuta hewa kutoka Kongo ikapita juu ya nchi nzima kuelekea baharini, Machi 2018 vilikuwepo viwili kule, Dumazile na Eliakim, na Afrika Mashariki ikaloa ile mbaya. Kwahiyo mi kila asubuhi kabla ya ramani ya Dar nafungua ramani kubwa naangalia kusini mashariki kule kuna nini kinazunguka.

Na usisahau usiku, maana usiku mashine inageuka. Nchi kavu inapoa, bahari inabaki na joto lake, upepo mwembamba wa bara unatoka nje unakutana na kaskazi katikati ya maji kati yetu na Unguja, na mawingu yanazaliwa huko kuanzia saa nane usiku kwenda alfajiri. Kaskazi ndo inayaleta nchi kavu. Waulize wavuvi wa Kunduchi, wao radi za baharini za usiku ni kitu cha kawaida. Kwahiyo ile siku ya kaskazi niliyosema mchana unalala usingizi, alfajiri yake unaweza kuamshwa na mvua, hayapingani hayo mambo. Mvua ya namna hiyo mara nyingi saa tatu saa nne imeshakufa. Angalia inachoacha: kama mabaki ya wingu yametanda mpaka saa sita ardhi haipati moto na mchana unakua mwepesi, ila kama limefunguka mapema jua likapiga kwenye tope, umeongezewa mvuke wa bure chini, usidanganyike kwamba "ishanyesha imemaliza".

Basi siku ya shughuli yangu inakwenda hivi. Usiku wa kuamkia, kabla ya kulala, naangalia modeli mbili tu, yani zile hesabu za kompyuta za kutabiri hali ya hewa, ile ya Ulaya ECMWF na ile ya Marekani GFS. Siziangalii kutafuta mvua iko mtaa gani, hilo ni kosa ambalo karibu kila mtu anafanya, anakuza ramani mpaka anaona doa la bluu juu ya Salasala anafurahi doa haliko Mbezi. ECMWF kila kimraba chake kina kama kilometa 9, GFS kama 13, na wingu moja la radi linaweza kuwa na upana wa kilometa tano, sasa hilo wingu modeli hailioni hata kidogo, inakisia tu kwa wastani. Toleo la asubuhi doa liko Kisarawe, toleo la mchana liko Bagamoyo, usiseme modeli zimechanganyikiwa, zinakwambia siku yenyewe ni ya mvua za hapa na pale, basi. Nachosoma mi ni aina ya siku: upepo wa 850 na 700, CAPE, na kama hizo modeli mbili zinakubaliana. Zikigombana kuhusu upepo najua kesho nitashika simu sana.

Alfajiri natoka nje kwanza. Nasimama sehemu moja napata mnara wa simu au nguzo ya umeme, naegesha kichwa nisitikisike, naangalia viwingu vinapita upande gani wa huo mnara. Dakika mbili. Hiyo inanipa upepo wa juu bila intaneti na haijawahi kunisaliti kama simu ilivyonisaliti, ukijifunza kitu kimoja cha mikono kwenye hii makala jifunze hicho, maana upepo unaousikia usoni ni wa chini na unaweza kuwa unaenda upande tofauti kabisa na wingu.

Kuanzia saa tatu naangalia taarifa ya uwanja wa ndege. Wanaitoa kwa ajili ya marubani lakini ipo wazi, inaitwa METAR, Dar ni HTDA. Inatisha mara ya kwanza lakini ni rahisi, mfano ukikuta HTDA 101200Z 06012KT 9999 FEW022CB 32/25 Q1010, 10 ni tarehe, 1200Z ni saa za kimataifa, 06012KT ni upepo kutoka nyuzi 60 yani kaskazini mashariki kwa spidi ya noti 12, karibu kilometa 22 kwa saa, 32/25 ni joto na ule umande, na hizo herufi CB ndo za kushtuka, maana yake kuna wingu la radi linaonekana, zilizobaki ziruke. Ukikuta VCTS ngurumo ziko karibu, ukikuta TSRA wako ndani ya mvua yenyewe. Saa usihangaike kujumlisha tatu alafu kutoa sita, toa tatu tu unapata saa yetu ya Kiswahili, 1200 ni saa tisa mchana, 0600 ni saa tatu asubuhi. Nachokitafuta hapo ni lini upepo umegeuka kutoka wa bara kuwa wa mashariki na joto limefanyaje baada ya hapo.

Kuanzia saa sita ni setelaiti. Meteosat-9 imekaa juu ya bahari ya Hindi toka 2022 na inapiga picha kila dakika 15, chagua picha ya mwanga wa kawaida mchana sio ile ya rangi rangi, utaona kabisa mstari wa viwingu sambamba na pwani, na kati ya mstari na ufukwe pako safi. Huo ndo ukuta. Piga hesabu uko nyuma yake au mbele yake. Ukiwa nyuma yake, na upepo wa juu ni wa bahari, mwambie mama mwenye shughuli apambe.

Sasa niwaambie nilivyoaibika. Nilikua na sendofu Goba, Februari, siku ya upepo wa juu wa magharibi na mimi nimejua ni wa magharibi. Saa nane tunaliona wingu Kibaha kule, kichwa kishalala bapa kama fuawe ya mhunzi, mama ananiuliza "mwanangu hilo linafika?" Nikamwambia mama yangu wala usijali, lile linakufa. Na kweli likafa, saa tisa kasoro lilishakua kitambaa tu cheupe, nikatembea kifua mbele. Robo saa baadae ukapita upepo wa baridi kutoka upande huohuo wa Kibaha, feni zikazidiwa, watu wakapiga makofi "aaah raha". Mi nilitakiwa kukimbia wakati ule. Wingu likifa mvua yake inashuka na hewa baridi, ile hewa ikigonga chini inasambaa pande zote kama maji ya ndoo uliyomwaga sakafuni, na ikikutana na upepo wa bahari unaoingia hewa haina pa kwenda zaidi ya juu. Wingu jipya likazaliwa juu ya vichwa vyetu, halikutoka popote, dakika 25 keki imelowa, spika za watu zimelowa, na mimi ndo nilikua nimesema wazi wazi haifiki. Nililipa nusu ya spika.

Kwahiyo usifuate wingu, fuata mstari. Wingu moja la radi lina maisha ya nusu saa mpaka saa moja tu hivi, Kibaha mpaka Ubungo ni kama kilometa 30, likitembea kilometa 20 kwa saa linahitaji saa moja na nusu, haliwezi kufika hai. Kinachofika ni mtoto wake au mjukuu. Angalia picha tatu za mwisho, uliza watoto wanazaliwa upande gani wa mama: wakizaliwa upande wa bara mambo yanarudi nyuma, wakizaliwa upande wa bahari kila mmoja yuko karibu na wewe kuliko aliyepita, hesabu saa ngapi zamu inakufikia. Na upepo wa baridi wa ghafla kutoka bara mchana wa joto sio raha, hapo we umebakiwa na dakika kumi mpaka nusu saa, funga pembeni za turubai, ongeza vigingi ardhini, zima jenereta.

Mteja anataka jibu la ndio au hapana, we usimpe. Mi nasema "mama, siku kama ya leo zikija kumi, tatu zinanyesha hapa kwako" alafu namwachia aamue kama anaongeza hela ya pembeni. Na kweli mtu anaelewa kuliko ukimwambia asilimia 30, maana asilimia 30 anaisikia kama "hainyeshi". Ila hizo tatu zitoke kwenye daftari lako sio kichwani, kichwa kinakumbuka siku ulizopatia tu. Andika asubuhi kabla hujajua, jioni andika kilichotokea, na ukate chupa ya maji iliyonyooka ubavu uiweke uani, kila milimita moja ndani yake ni lita moja kwa kila mita ya mraba ya turubai lako, ndo utaelewa kwanini turubai linapinda.

Haya yote ni ya mvua za kujitegemea, hizi za hapa na pale. Machi ikisogea mawingu yanaanza kuja kwa makundi, yanakuja usiku yanakuja mchana, hapo ukuta wa bahari sio bosi tena na hii njia itakudanganya. Vuli ya 2023 nayo ilikua hivohivo, El Niño ilishika na bahari ya Hindi ya upande wetu ilikua na joto kuliko kawaida, hata Desemba ambayo kwa kawaida unaanza kuchagua siku ilikua mvua juu ya mvua. Na kukiwa na kimbunga chenyewe kinakuja pwani kama Hidaya Mei 2024, usiangalie mnara wa simu, sikiliza Mamlaka ufanye wanachosema.

La mwisho ni radi yenyewe. Ukiona mwanga hesabu sekunde mpaka ngurumo, gawa kwa tatu, hizo ni kilometa. Ikiwa chini ya sekunde 30 watu watoke kwenye turubai waingie nyumbani au kwenye magari, turubai ni nguzo za chuma na kitambaa, halimkingi mtu na radi, na mwembe wa uani ndo mbaya zaidi. Warudi nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. MC atanuna, bibi harusi atanuna, DJ atakwambia mvua yenyewe ishakatika mbona, na mara nyingi atakua anasema kweli kuhusu mvua, ila wingu linaloondoka bado linaweza kupiga nyuma yake, kwahiyo mi huwa nashika mwenyewe swichi ya jenereta mpaka dakika ziishe.